Nyuma ya Corolla NZE: je, Toyota walishusha ubora walipoacha mfumo wa 110?

Msomaji wa Morogoro ameuliza: "Nimeendesha Corolla 110 kwa miaka mingi, mwaka jana nikaiuza nikachukua NZE121 ya mwaka 2003. Mbele haina tatizo. Nyuma ndiko kunakonisumbua. Nikiwa peke yangu inadunda, na nikipita kona yenye mashimo mkia unaruka kwenda pembeni. Nikipakia familia na magunia ya mpunga, inalala chini kabisa. Fundi wangu anasema mwaka 2000 Toyota walibana gharama, wakatoa saspensheni nzuri ya 110 na kuweka ekseli moja ya kizamani. Ananishauri niweke spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua gari, au niiuze nirudi kwenye 110, au nitafute Axio, Corolla iliyofuata baada ya NZE. Je, ni kweli? Nifanye nini?"

Ndugu yangu, fundi wako ameona kitu cha kweli, ila amekipa jina lisilo lake. Na katika mapendekezo yake matatu, hakuna hata moja linaloondoa tatizo ulilonieleza. Nyuma ya NZE121 ni tofauti kabisa na nyuma ya 110, hilo ni kweli. Mfumo huo mpya ni wa gharama ndogo zaidi kuutengeneza, hilo nalo ni kweli. Lakini si ekseli ya kizamani, na kwa mtu anayepakia magunia kama wewe, lipo jambo kubwa ambalo NZE inalifanya vizuri kuliko 110.

Ekseli moja ya kizamani ni kitu gani hasa? Ni ile iliyokuwa chini ya Corolla ya kwanza, iliyotoka Novemba 1966: bomba zito la chuma lenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) katikati, tairi huku na tairi kule, limelala juu ya springi za vyuma bapa vilivyopandana, zile unazoziona mpaka leo chini ya Hilux na maroli. Tairi la kushoto likipanda jiwe, la kulia halina hiari, linainama nalo, kwa sababu bomba ni moja na halijipindi. Toleo la 1979, KE70 ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la DX, lilipata springi za kuzunguka nyuma badala ya zile bapa, kwa hiyo lilitulia zaidi. Hata hivyo ekseli ilibaki ile ile ngumu.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1983. Injini ya Corolla ya milango minne ililazwa kukingama, nguvu ikapelekwa tairi za mbele, difu ikahamia mbele pamoja na gia boksi. Nyuma hakukuwa tena na mzigo wa chuma wa kubeba, basi wahandisi wakaipa kila tairi uhuru wake. Mfumo huo uliendelea kwenye toleo la 1987, la 1991 tunaloliita 100, na la 1995 ambalo ndilo 110 yako. Mbele, kwa upande mwingine, Corolla imekuwa na strati za MacPherson, yaani shokapu ambayo yenyewe inalisimamisha tairi, tangu 1966 mpaka zinazotoka kiwandani leo. Amu, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, zimebadilika umbo, springi zimebadilika, lakini kanuni ni ile ile. Ndiyo maana hukuona tofauti yoyote mbele ulipohama gari.

Sasa tuingie chini ya 110, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Kila tairi la nyuma limeshikwa na amu mbili zinazokwenda sambamba kutoka katikati ya gari kuelekea nje, na fimbo moja inayokwenda mbele. Amu mbili zinazuia tairi lisiende ndani wala nje, fimbo inalizuia lisirudi nyuma, na juu yake shokapu, ikiwa ndani ya springi, imefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha tairi. Kwa mfumo huu shokapu ina kazi mbili: inatuliza mdundo, na yenyewe ni mhimili unaolisimamisha tairi wima. Ukikata kona kwa nguvu, sehemu ya msukumo wa pembeni inapita kwenye fimbo ya shokapu.

Uzuri wake uliuhisi mwenyewe. Tairi moja likiingia shimoni, lingine halijui kilichotokea. Lakini hesabu bushi, ile mipira ya kwenye maungio: amu mbili na fimbo moja, kila kimoja kina bushi mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni 6 kila upande, 12 kwa jumla, bila kuhesabu za stabilaiza, fimbo inayozuia gari lisilale upande. Zote zikiwa mpya, 110 inatembea kwa raha sana. Zikianza kufa moja moja, na kwenye vumbi na matope yetu hufa mapema, tairi la nyuma linaanza kuelekea linakotaka. Alaimenti, yaani uelekeo wa matairi, ya nyuma inarekebishika kwenye mfumo huu, jambo zuri, ila haina maana kuirekebisha juu ya bushi zilizolegea, na wengi hufanya hivyo hivyo.

Kuna kasoro nyingine ambayo wenye 110 wengi waliiona bila kujua chanzo chake. Mwili wa gari ukishuka kwa mzigo, amu hubadili mlalo wake na vichwa vya matairi huinamia ndani. Angalia 110 yoyote iliyojaa abiria ukiwa nyuma yake: matairi yamekaa kama miguu ya mtu aliyebeba kitu kizito kuliko uwezo wake. Upande wa ndani wa tairi ndio unaokanyaga zaidi, na ndio unaoisha kwanza. Mtu anayepakia kila wiki ananunua matairi ya nyuma mapema, akilaumu ubora wa tairi.

NZE121 ilitoka Agosti 2000 juu ya umbile jipya, yaani sakafu na mifupa ya chini ya gari. Umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma uliongezeka kutoka milimita 2,465 hadi 2,600, gari likawa refu kwenda juu na lenye nafasi zaidi ndani. Nyuma wakaweka kile mafundi wanachokiita bimu. Ni mikono miwili inayotoka kwenye matairi kwenda mbele, kila mmoja umefungwa kwenye bodi kwa bushi moja kubwa, na katikati mikono hiyo imeunganishwa kwa chuma kilichokunjwa ambacho kimeachwa wazi upande mmoja. Bushi mbili tu, badala ya 12.

Hicho chuma cha katikati ndicho kinachomdanganya fundi wako. Akiangalia kutoka chini anaona kitu kinachounganisha tairi na tairi, anasema ekseli moja. Lakini chuma chenye umbo lile, kilichoachwa wazi upande mmoja, ni kigumu sana ukijaribu kukikunja na ni rahisi kusokoteka. Tairi la kushoto likipanda, bimu inajisokota, na la kulia linabaki karibu na pale lilipokuwa. Si uhuru kamili kama wa 110, wala si kifungo kama cha KE70, iko katikati. Kule kujisokota kwake ndiko kunakopinga gari lisilale upande kwenye kona, kwa hiyo bimu yenyewe inafanya pia kazi ya stabilaiza.

Toyota hawakuubuni mfumo huu mwaka 2000, wala haukuwa jaribio. Volkswagen waliuweka kwenye Golf ya kwanza mwaka 1974, na gari hilo lilisifiwa miaka yote kwa jinsi lilivyoshika barabara. Toyota wenyewe walikuwa nao kwenye Starlet kabla ya kuuleta kwenye Corolla. Mwaka 2001 Premio na Allion, ndugu za NZE kwa umbile la chini, zilifuata njia hiyo hiyo: Corona Premio iliyotangulia ilikuwa na strati nyuma, Premio mpya ikaja na bimu. Kwa hiyo hata yule jirani anayejivunia Premio yake anatembelea bimu kama wewe.

Gharama ilikuwa sababu, sitaki kukuficha. Vipande vichache, bushi chache, kazi chache kiwandani. Lakini kulikuwa na sababu nyingine zenye uzito. Bimu inakaa chini na inachukua nafasi ndogo, kwa hiyo sakafu ya nyuma na tangi la mafuta hupangika vizuri. Shokapu imeondolewa ile kazi ya pili ya kulisimamisha tairi; inatuliza mdundo tu, na fimbo yake haisukumwi tena pembeni.

Na lile jambo kubwa nililokuahidi ni hili: mzigo ukishusha gari, mikono yote miwili ya bimu inapanda pamoja, chuma cha katikati hakisokoteki, na matairi yanabaki wima. Hayainamii ndani. Ukipakia magunia, tairi la NZE linakanyaga kwa upana wake wote. Kwa familia inayosafiri imejaa, mimi nachagua bimu bila kusita.

Ulichopoteza ni utulivu kwenye barabara mbovu kwa gari tupu, hasa kwenye kona. Tairi moja linapogonga shimo katikati ya kona, sehemu ya mshtuko inafika upande wa pili kupitia bimu, na mkia unaweza kusogea kidogo. Isitoshe, msukumo wa pembeni hujaribu kuigeuza bimu nzima, na kinachoizuia ni zile bushi mbili. Kwa sababu hiyo bushi za bimu hutengenezwa kwa umbo maalumu, zenye upande mgumu na upande laini, ili zikisukumwa pembeni ziielekeze bimu upande ulio salama. Zikiwa nzima, hutahisi chochote. Zikifa, mkia unajiendesha wenyewe.

Na sasa soma tena barua yako: "mkia unaruka kwenda pembeni." Corolla NZE yenye bushi nzima na shokapu nzima husogea kidogo kwenye kona yenye mashimo, hairuki. Gari lako lina miaka zaidi ya 20. Unalinganisha kumbukumbu ya 110 uliyoitunza mwenyewe na NZE ambayo huenda haijawahi kubadilishiwa bushi za bimu tangu itoke Japani.

Kuhusu Axio, usitumie fedha zako kwa kuikimbia bimu. Axio ya 2006 ilijengwa juu ya umbile lile lile la NZE, urefu ule ule wa milimita 2,600 kati ya matairi, na bimu nyuma. Axio ya 2012 ilipunguzwa urefu wa bodi na kuletwa kwenye umbile la ukoo wa Vitz, bado na bimu. Zina mazuri yake, na gari jipya zaidi lina mpira mpya zaidi, ila mfumo ni huo huo. Uhuru wa kila tairi nyuma ulirudi kwenye Corolla ya kawaida na toleo lililoanza kutoka 2018, lenye amu kadhaa kila upande, mfumo bora kuliko ule wa 110. Lakini tazama jambo hili: Corolla Cross ya 2020, inayotumia umbile hilo hilo, ikiwa ni ya kuvuta tairi za mbele peke yake ina bimu, ya kuvuta tairi zote nne ndiyo yenye amu nyingi. Mazda nao walikuwa na amu nyingi nyuma ya Mazda 3, wakarudi kwenye bimu kwenye toleo la 2019. Volkswagen waliiacha bimu kwenye Golf ya 2003, kisha kwenye ile ya 2012 wakairudisha kwa zenye injini ndogo. Haya ni maamuzi ya wahandisi wanaopima bei, nafasi, uzito na raha, na kila mmoja anafika kwenye jibu lake. Ukimsikia mtu anasema bimu ni alama ya gari baya, muulize bushi za lake zina umri gani.

Haya, twende chini ya gari lako. Kabla ya kununua chochote, lipandishe juu ya shimo la gereji au jeki yenye stendi madhubuti, fundi aingize mtalimbo kati ya mkono wa bimu na bodi pale penye bushi, asukume taratibu. Mpira ukionyesha nyufa zinazofunguka, au bimu ikicheza mbele na nyuma kwa urahisi, umeshapata chanzo cha mkia kuruka. Halafu aangalie shokapu: mafuta yaliyochuruzika kwenye mwili wake yanatosha kuihukumu. Kule kusukuma buti kwa mkono na kuhesabu mara ngapi gari linanesa hakukwambii mengi. Shokapu iliyochoka nusu inaweza kufaulu mtihani huo na bado ikaliacha tairi liruke kwenye mashimo ukiwa na mwendo wa 80.

Bushi za bimu zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na hapa nakuomba usimame karibu na fundi, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka. La kwanza, bushi hizi zina uelekeo. Kabla ya kuitoa ya zamani, uelekeo wake uwekewe alama kwenye mkono wa bimu, na mpya ipresiwe ikielekea vivyo hivyo. Ikiingia imegeuka, ule ulaini uliopangwa upande mmoja unakuwa upande usiotakiwa, na gari litakuwa baya kuliko ulivyolileta. La pili, bolti kubwa za bushi zisikazwe wakati matairi yananing'inia hewani. Mpira umeshikana na chuma ndani na nje; ukikaza huku bimu imening'inia, halafu ukashusha gari, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika baada ya muda mfupi. Zishikizwe kwa mkono kwanza, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Sheria hii ni ya 110 pia, na nyingi kati ya zile bushi 12 zilizokufa mapema ziliuawa na spana gereji, wala si na barabara.

Ukimaliza, pima alaimenti, ila fahamu kwamba nyuma ya NZE hapana sehemu ya kurekebisha. Mashine ikionyesha tairi la nyuma limeelekea pembeni baada ya bushi mpya, bimu imepinda au mahali inapofungwa pamevutwa na ajali. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti ikiwa dhahiri, tafuta bimu iliyonyooka. Chuma kile hakipashwi moto wala hakinyoshwi, kwa sababu nguvu yake yote iko kwenye jinsi kilivyokunjwa.

Kuhusu kulala chini, springi za miaka 20 huchoka, na mpya zitalirudisha gari kwenye kimo chake. Nunua za NZE yenyewe, au zenye nguvu kidogo zaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya NZE. Achana na springi za gari jingine zilizokatwa zikatoshea. Lakini chukua pia karatasi ya usajili ya Japani iliyokuja na gari, uangalie uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Utakuta tofauti ni kilo 275, yaani watu 5 waliohesabiwa kilo 55 kila mmoja. Hizo ni hesabu za sheria za Japani, na gari linaweza kubeba zaidi ya hapo kwa safari moja moja. Hata hivyo watu wazima wanne na magunia mawili ya mpunga ni mzigo wa aina nyingine kabisa, na hakuna springi ya Corolla itakayoubeba kila wiki bila kulalamika. Mpunga wa mavuno upeleke kwa gari la mizigo, familia ibaki kwenye Corolla.

Spesa ndizo ninazokukataza waziwazi. Spesa inainua gari, haiongezi hata kilo moja ya nguvu ya springi. Gari linakaa juu likiwa tupu, na likipakiwa springi ile ile iliyochoka inabonyea vile vile. Ubaya zaidi ni kwa shokapu: gari likiinuliwa, fimbo yake inakuwa imeshavutika karibu na mwisho wake, kwa hiyo tairi likishuka shimoni shokapu inafika kikomo na kugonga. Wewe unalalamikia kudunda; spesa zitakuongezea mlio juu ya kudunda.

Kurudi kwenye 110 kungekuwa na maana kama ungeipata ambayo bushi zake zote 12 na shokapu zote ni nzima. Corolla 110 ziliacha kutengenezwa Japani mwaka 2000, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa kati ya hizo ni kongwe kuliko yako, na gharama ya kuirudisha nyuma yake kwenye hali nzuri itazidi ya bushi mbili, shokapu mbili na springi mbili za NZE. Anza na bushi na shokapu. Endesha hivyo kwa wiki kadhaa kwenye barabara zako za kawaida, gari tupu na gari lenye familia, kabla ya kuamua kuhusu springi. Na kabla ya siku ya kwanza, jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo ya mlango wa dereva, maana tairi lililojazwa kupita kiasi peke yake linatosha kuidundisha NZE tupu.